Kandambili Yangu ya Kushoto

Usiku wa jana niliota, na ndoto ilianza na kandambili ikiburuzwa ukumbini, shwa, shwa, kabla ya adhana ya alfajiri. Nikajua ni mjukuu wangu Mbaruku anajiandaa kwenda gereji. Anapiga rangi magari. Ana miaka ishirini na tisa, na tangu alipojua kusema ananiita mke wangu.

Nilitoka nimkumbushe pera lake. Nilikuwa nimemwekea mawili kwenye sahani, akala moja.

Ukumbi haukuwepo. Palikuwa na mlango laini kama utandu wa maziwa, na birika langu la chai limekaa kizingitini.

"Vua, Bibi," likasema. "Ushike mkononi. Humu kila mtu anakaa na jozi yake pembeni."

"Humu ni wapi?"

"Ndani ya Mbaruku. Pafu la kulia, seli ya tatu."

Nikavua. Birika hilo nimekaa nalo miaka kumi na minane na halijawahi kunidanganya.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Pita, usikanyage ukili."

Wakazi wamejipanga ukutani, kimya, kila mmoja na kandambili zake mbili. Katikati wanawake wanasuka ukili mmoja mrefu, kama wa mkeka, usio na mwisho, umekunjwa na kukunjwa mpaka darini. Mkubwa wao, Biti Rajabu, alinisogezea kigoda chenye mto. Yeye akakaa kwenye kisicho na mto. Niliona hilo.

"Huyu ndiye Mbaruku mwenyewe," ananiambia. "Kila kitu chake kimesukwa humu. Hapa masikio. Hapa ubishi wa babu yake. Na hapa, shika taratibu, hapa ni mwanya wako."

Nikashika. Nina mwanya wa meno ya mbele, na Mbaruku anao. Zilikuwa chane mbili tu za ukindu, nyembamba, za kupotea kwa urahisi.

Ndipo ikaingia harufu ya thina, ile wanayochanganyia rangi. Nyuma ya harufu akaingia mgeni mmoja, mtanashati, kandambili moja mkononi.

"Samahanini," anasema. "Mimi nina moja. Sheria inataka mbili."

Anainama, anachukua moja ya mkazi wa kwanza, anakaa, anatulia kabisa. Sasa mkazi wa kwanza ana moja. Naye anasema samahani, anachukua ya wa pili. Wa pili anachukua ya wa tatu. Hakuna anayegombana. Wanaombana radhi na kunyang'anyana, kuzunguka ukuta mzima, mpaka wa mwisho anakosa pa kuchukua. Anauinamia ukili.

"Nitachomoa chane moja tu," anasema.

Ukili ukakatika, tak, karibu na mwanya wangu.

Biti Rajabu akauunga kabla sijapumua.

"Kutwa tunaunga," anasema. "Lakini wageni wakiwa wengi mkono unaharakishwa, na siku tukikosea, kosa linasukwa. Seli zinazozaliwa baadaye zitalisuka vilevile, zikidhani ndivyo alivyo."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo yale maradhi unayoyaogopa, Bibi, saratani. Si leo. Mbele huko."

Mlangoni walikuwa wamesimama wageni wengine wanne, kila mmoja na kandambili moja, wote wapole.

Pera likapita katikati yetu. Lilikuwa limeng'atwa, na kwenye alama za meno palikuwa na mwanya. Likachukua kandambili yake moja, likampa mgeni wa mbele. Mgeni akakaa, akatulia. Pera likabaki na moja, na halikuinamia ya mtu.

"Na wewe utakaaje?" nikaliuliza.

"Nitakaa tu. Mimi nimeumbwa kukaa na pungufu."

Likachechemea hadi pembeni, nyuma ya ukili, ili mgeni asilione akaona aibu.

"Mko wangapi?"

"Humu ni mimi tu. Mwenzangu bado yuko kwenye sahani."

Nikachukua kandambili yangu ya kushoto, nikampa mgeni wa pili. Akaigeuza, akaitazama.

"Mama, mbona imelika kisigino?"

"Pokea hivyohivyo."

Akapokea. Wawili waliobaki wakaanza kuuangalia ukili.

Nikageuka kuliita birika, nikakuta tuko gereji. Wanawake wanasuka chini ya gari lisilo na magurudumu. Msumarini imening'inia barakoa ya kazi ya Mbaruku, ile nene yenye vichujio viwili. Mpira wake wa kufungia kichwani ulikatika tangu Ramadhani. Kila siku ananiambia atanunua mwingine.

"Sisi tunaunga, pera linagawa," anasema Biti Rajabu. "Lakini hata ulete gunia la mapera, Bibi, mlango uko wazi. Nyumbani hamna mpira?"

"Upo. Nimeuvaa. Uko kwenye gagulo langu."

"Basi utoe."

"Mimi mtu mzima, sivui gagulo mbele za watu."

Wanawake wote wakageukia ukuta. Wale wageni wawili nao wakageuka. Birika likageuza mdomo.

Nikaamka kwa adhana, mkono uko kiunoni. Chini ya kitanda palikuwa na kandambili ya kulia peke yake. Niliswali, nikatafuta tena, sikuiona ya kushoto. Nikachukua mkasi na sindano, na ile barakoa aliyoirudisha nyumbani ilipokatika.

Mbaruku alikuja kunywa chai akanitazama miguu.

"Mke wangu, mbona unatembea na kandambili moja? Nyingine umeiacha kwa mume gani?"

"Kaa. Jaribu hii."

Akaivuta barakoa, mpira ukavutika.

"Huu si wa gagulo?"

"Ni mpira. Vaa."

"Mafundi watanicheka."

"Wacheke. Wewe upumue."

Akachukua ovaroli yake, akaingiza mkono mfuko wa kifuani, upande wa kulia. Akatoa kandambili yangu ya kushoto. Kisigino kimelika.

"Imeingiaje humu?"

"Nilikuja kutembea," nikamwambia. "Kuna mtu alikuwa na shida nayo."

Akainama, akanivalisha mwenyewe. Akachukua pera lililobaki kwenye sahani, akalitia katika mfuko uleule, akavaa barakoa. Alipofika mlangoni akageuka, na sauti yake ndani ya ile barakoa ilikuwa ndogo kama ya zamani, alipokuwa mtoto.

"Basi uje tena, Bibi."