Pedi Zilizopakwa Mafuta

Upepo wa Dodoma ukianza kukausha ngozi za watu, hakuna anayetoka nyumbani kwa Bibi Sidonia, pale Area D, bila kukaguliwa visigino. Aliyepauka hurudishwa ndani akapakwa mafuta ya alizeti, awe mtoto wa chekechea au Thobias, mwanawe wa miaka hamsini na kitambi chake.

Jumamosi hiyo safari ilikuwa ya Haneti. Evodia, mdogo wake Bibi, alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na Bibi hakuwa amemwona tangu mwaka juzi, maana magoti yake hayaziwezi tena ngazi za basi. Mjukuu wake Elieth, karani wa wizara moja kule Mtumba, alikuwa na gari dogo na hamu ya kumpeleka. Tatizo lilikuwa breki. Kila zikikanyagwa zililia kama mlango wa ghala, kwa sababu pedi zilizokuja na gari kutoka kiwandani zilikuwa zimelika mpaka zimebaki nyembamba kama kucha. Elieth alinunua mpya nne za magurudumu ya mbele, akatangaza kwamba atazifunga mwenyewe.

Thobias alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema mama yake hapandi gari lililofungwa breki na karani. Wakabishana weee, mwisho wakakubaliana: ndoo tupu itawekwa katikati ya uwanja. Gari likisimama kabla ya kuigusa, Bibi ataenda. Likiigusa, Bibi atabaki.

Elieth akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki. Pedi mpya akazipanga juu ya kitambaa karibu na kigoda cha Bibi, akamwomba azilinde na kuku.

Bibi akazilinda. Akaziangalia. Zilikuwa ngumu, kavu, zimepauka vibaya, nazo ndiyo kwanza zinaanza safari. Zile za zamani zililia kwa nini, kama si ukavu? Hata bawaba ikilia hupakwa mafuta ikanyamaza. Roho ikamuuma. Akatoa kichupa chake, akazipaka moja moja, taratibu, kama anavyopaka watoto, nazo zikayanywa mafuta papo hapo. Elieth alipokuwa ananyoosha mkono bila kugeuka, Bibi alimpa moja, kisha nyingine, moyoni ametulia kama mtu aliyetenda wema bila kuombwa.

Msichana alifanya kila kitu kwa mpangilio. Alikaza nati, akashusha gari, akakanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu. Thobias akaweka ndoo, akajitenga kando, akainua mkono kama trafiki. Gari likaja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Elieth akakanyaga breki. Gari likaendelea kwa heshima zote, likaangusha ndoo, likaisukuma hadi kwenye tuta la mchicha, na lilisimama pale tu alipovuta hendibreki.

"Karani," alisema Thobias, "hiyo ni ndoo. Ingekuwa ng'ombe wa watu je?"

Elieth akashuka. Alifungua tena gurudumu, akachungulia, akasema kwa sauti ndogo kwamba haoni alipokosea, labda mjomba yuko sahihi. Thobias alikwisha kutoa simu awaambie wa Haneti wasisubiri.

Bibi angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza bibi wa miaka sabini na minane habari za breki? Lakini alimwona mjukuu wake anavyofuta mikono kwa kitambaa, akirudia palepale, kama mtu anayefuta kosa.

"Thobias, weka simu. Hizo pedi nimezipaka mafuta mimi."

"Mafuta gani, Mama?"

"Ya alizeti. Zilikuwa zimepauka."

Elieth alikaa chini vumbini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamweleza Bibi, kwa upole, kwamba breki hushika kwa ukavu wake huohuo.

Thobias alirudisha simu mfukoni. Alipanda pikipiki mpaka Majengo, akarudi na pedi nyingine, akamkuta Elieth anasugua diski za breki kwa maji ya sabuni, kuondoa mafuta. Akachuchumaa kando yake, nati kiganjani, akamuuliza kwa kunong'ona pedi inaelekea upande gani. Bibi alisikia. Akageuka kuangalia kuku, mikono ameikalia.

Safari hii gari lilisimama hatua tatu kabla ya ndoo. Thobias akafungua mlango wa mbele, akamshika mama yake kiwiko.

Haneti walifika alasiri. Bibi alimsimulia mdogo wake yote, akianza na mafuta, na Evodia akacheka ameshika nyonga, akimsihi aache. Alipopata pumzi akasema, "Huyo fundi yuko wapi? Aje nimwone."

Elieth akaingia, akapiga goti, akamwamkia shikamoo, mikono ameificha nyuma kwa sababu ya weusi wa kucha. Evodia akaivuta mbele, akaishika yote miwili.