Jirani wa Mlango wa Sita

Mkurugenzi wetu, Mama Huguette, alinipa mpaka saa sita mchana: nimwonyeshe siri zinavujia wapi, la sivyo nikusanye vitu vyangu. Mara tatu washindani wetu walizijua zabuni zetu kabla ya bahasha kufunguliwa. Ofisi yetu ya Kilwa, huku huku Katanga, huzituma kwa mtandao, na funguo za ruta ya Lubumbashi, mashine inayoelekeza njia za mtandao, ninazo mimi peke yangu. Basi, machoni pa Mama, mwizi ni mimi, Bénie! Nilikasirika.

Ruta hupiga hodi kwenye milango yake kila sekunde kumi. Ruta nyingine ikiitika, zinakuwa majirani na kupeana ramani ya njia zote. Ndiyo maana mlango usio wa ndugu, yaani usioelekea ruta ya ofisi yetu nyingine, hunyamazishwa. Hayo nilifundishwa na Papa Gérard, fundi aliyenitangulia, msimamizi wa ndoa yangu, ndiye aliyeniombea kazi hii. Siku ya kustaafu aliniambia, "Milango yote iko muzuri, mwana. Usiiguse." Sikuigusa. Nani anamkagua baba yake?

Mama Huguette alisimama nyuma ya kiti changu nilipofungua orodha ya majirani. Walipaswa kuwa wawili. Walikuwa watatu! Wa tatu alikuwa kwenye mlango wa sita, kwa siku mia mbili na kumi na nne, akitangaza kwamba njia fupi kati ya Kilwa na kwetu inapita kwake. Kwa hiyo kila kilichotoka Kilwa kilipitia kwake kwanza.

"Iko nani?" akauliza Mama Huguette.

"Sijui, Mama. Kwenye karatasi zetu, mlango huo hauna mtu."

Liwalo na liwe, nikaandika amri moja ya kuunyamazisha. Jirani akafutika. Mama Huguette akanishika bega, akaniomba radhi.

Dakika haijaisha, simu ikalia: Papa Gérard! Nilifurahi kweli. Nikaweka sauti juu, Mama naye asikie mtu aliyenilea kazini.

"Bénie, ule mulango ya sita, uufungule. Sasa hivi."

Nilikuwa sijamwambia mtu.

"Papa, umejua namna gani?"

Akaongea taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Mwana, ulifikiri nilikuingiza mu kazi juu ya nini?"