Mbwa wa Abiria wa Saa Mbili

Tangu mumewe afariki, salamu ya kwanza aliyoipata Hilary Ogden kila asubuhi ilikuwa ya maandishi, kwenye simu, kabla hata birika halijachemka: "Mama Mwavuli, unakosea tena."

Mama Mwavuli ni jina alilojipa mwenyewe kwenye sehemu ya maoni ya gazeti la mji, Sauti ya Harthwaite. Aliyemwambia anakosea alijiita Abiria wa Saa Mbili, na kwa miaka sita hawakuwahi kukubaliana. Hilary alitaka reli zirudi mikononi mwa serikali. Abiria alisema serikali imeshindwa kuziba shimo lililo mbele ya nyumba yake. Abiria alitaka waheshimiwa wa Baraza la Mabwana, wale wabunge wasiopigiwa kura, waachwe walivyo. Hilary alisema wale wanalipwa kusinzia, wakati yeye anasinzia bure. Kodi, hospitali, mambo ya Ulaya, hakuna walichokiacha, mpaka wasomaji wengine wakawa wanafungua gazeti kuwatafuta wao tu. Alikuwepo na wa tatu, Nungunungu, ambaye mchango wake siku zote ulikuwa mmoja: "Nyote wawili mnakosea."

Sasa gazeti lilikuwa limetangaza kwamba sehemu ya maoni itafungwa siku ya uchaguzi, saa sita mchana. Matusi yamezidi, walisema, na wa kuyafuta hawatoshi. Hilary alikasirika. Matusi gani? Yeye na Abiria hawakuwahi kutukanana, labda ile siku yeye alipomwita Abiria kichwa cha birika, na siku ile alistahili.

Kilichomuuma hasa ni kwamba baada ya hapo asingebaki na mtu wa kumbishia. Wanawe walimwambia "ndiyo, mama" kabla hajamaliza sentensi. Majirani walimwambia "hakika, Bi Ogden." Mji mzima ulikuwa na adabu mpaka inachosha. Wiki hiyo alimwandikia Abiria mara mbili kumkaribisha chai, akataja mahali na siku, na mara zote mbili wahariri waliyafuta maoni yake, maana anwani na miadi haviruhusiwi. Ulibaki mstari mmoja tu: "Maoni haya yameondolewa kwa kukiuka taratibu." Wasomaji wakadhani ameporomosha matusi. Hata Abiria mwenyewe akaandika: "Mama Mwavuli, sikujua una mdomo wa namna hiyo. Hebu pumzika kidogo."

Asubuhi ya uchaguzi Hilary alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha ukumbi wa kanisa, mahali pa kupigia kura, mwavuli magotini, ua la utepe mwekundu wa chama chake kifuani. Kila chama kilikuwa kimeweka mtu wake pale kuwauliza waliopiga kura namba zao za daftari la wapiga kura, ili kijue nani katika wafuasi wake bado yuko nyumbani na soksi, akaitwe. Kando yake aliketi wa utepe wa buluu, Norris Pickersgill, mzee mrefu mwenye koti la kijani lililochakaa. Mbwa wake mdogo, Bramble, alikuwa amelala juu ya viatu vyake.

Pale mlangoni siasa hazitajwi. Wa chama hiki akipitwa na namba, wa chama kile humnong'oneza, na chupa ya chai ni ya wote.

"Manyunyu haya yatakoma," alisema Hilary.

"Hakika yatakoma."

"Ingawa huenda yakaongezeka."

"Hilo nalo linawezekana, Bi Ogden."

Hilary akamtazama kwa pembe ya jicho. Mtu gani huyu asiye na msimamo hata juu ya mvua? Akampa biskuti ya tangawizi, akasema za chokoleti ndizo tamu zaidi. Norris akasema bila shaka. Hilary akasema, kwa makusudi sasa, kwamba ukifikiri vizuri biskuti zote ni za hovyo. Norris akatafuna, akameza, akasema kuna ukweli katika hilo.

Hilary akachungulia simu. Abiria hakuwa ameandika neno tangu alfajiri, na hii ndiyo siku ya mwisho. Roho ilimuuma kweli.

Ndipo akaja mgombea wa buluu, Bwana Julian Cawthorne, tabasamu limetangulia, mkono umenyooshwa tangu getini. "Norris, nguzo yetu," alisema. Bramble, ambaye hakuwa ameinua sikio hata paka wa kasisi alipopita, aliruka na kubweka. Alibweka mpaka mgombea akarudi kinyumenyume hadi barabarani, bado anatabasamu, akawapungia mkono kutoka upande wa pili.

Norris alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Samahani sana. Sijui kimempata nini."

"Labda ni koti la yule bwana," alisema Hilary kwa upole, lakini macho hayakumtoka Bramble.

Mwaka juzi, katika ubishi juu ya mishahara ya wabunge, Abiria aliandika: "Mbwa wangu humbwekea mwanasiasa yeyote, hata wa kwenye televisheni. Chama hachagui. Ndiye mpiga kura pekee nyumbani kwangu asiyedanganyika." Siku ile Hilary alicheka peke yake jikoni mpaka mkate ukaungua.

Lakini mbwa wanaobweka ni wengi. Akimuuliza huyu bwana, na kumbe siye, ataonekana amerukwa na akili. Akageuza simu isionekane, akaandika chini ya habari ya mwisho ya gazeti: "Abiria, mbwa wako ana akili kuliko chama chako. Leo angemfukuza hata mgombea wako mwenyewe."

Akasubiri. Mwanamke mmoja akatoka ukumbini, akataja namba yake, na Hilary akaiandika. Ndani ya koti la Norris kitu kikalia kidogo. Norris akatoa simu, akavaa miwani, akasoma. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu anayenoa kisu. Kidole kikaanza kuandika. Kikasimama. Akamtazama Bramble. Akatazama geti. Kisha, polepole, akageuka.

"Mama Mwavuli," alisema.

"Abiria."

Wote wawili wakautazama mwavuli.

"Zile mara mbili," alisema Norris, "ulinitukana nini?"

"Nilikukaribisha chai."

Norris akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mimi nikakwambia upumzike."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Nimeona aibu, Bi Ogden." Akakohoa. "Ila kuhusu reli, unakosea."

Hilary alikuwa amelisoma neno hilo kila siku kwa miaka sita. Hakuwahi kulisikia likitamkwa, kwa sauti nzito, na mtu akimtazama usoni. Machozi yakamlengalenga. Alifurahi kupita kiasi, na kwa furaha hiyo akamvaa.

"Nakosea? Hiyo treni yako ya saa mbili, bwana, imewahi kufika saa mbili?"

"Haijawahi. Mkiipa serikali, itafika kesho yake."

"Afadhali kesho yake kuliko kwa nauli ile."

"Nauli utalipa vilevile, ila watakuwa wameibatiza kodi."

"Na ulikuwa unanikubalia kila kitu hapa. Hata biskuti."

"Nimelelewa vizuri mimi. Kama unataka kujua, biskuti za chokoleti ni takataka."

"Takataka ni hicho chama chako, na mbwa ametoa ushahidi."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Thackray, msimamizi wa kituo, kalamu sikioni. "Jamani, hapa ni kituo cha kura. Nina watu watatu humo ndani wamesimama na karatasi mkononi, hawapigi kura, wanawasikiliza nyinyi."

"Samahani," walisema kwa pamoja.

"Mkitaka kubishana, vukeni barabara."

Wakakaa wakiuma midomo mpaka wenzao wa zamu walipokuja, kisha wakavuka. Walikaa dirishani katika mkahawa wa Denby, wakagombana juu ya Baraza la Mabwana, juu ya hospitali, na juu ya nani alipie chai, maana kila mmoja alitaka iwe yeye. Saa sita ilipokaribia Hilary akafungua simu. Wasomaji walikuwa wanaagana. Mmoja aliuliza: "Na wale wawili watakwenda wapi?"

Akaandika upesi: "Tuko mkahawa wa Denby, mkabala na kanisa, meza ya dirishani. Bado anakosea."

Maoni hayo hayakukaa hata dakika mbili, yakafutwa. Norris akausoma ule mstari wa kuondolewa, akatikisa kichwa. "Mdomo wako huo, mama."

Kisha ukurasa mzima ukafungwa. Hilary akaiweka simu mezani kifudifudi. Bramble akalala.

Mlango wa mkahawa ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mnene mwenye koti la mvua la manjano, simu mkononi, anahema, amepanda kilima mbio. Akatazama utepe mwekundu, akatazama utepe wa buluu, akatazama mbwa.

"Nyote wawili mnakosea," alisema, akavuta kiti.