Herufi ya Sita

Kisanduku cha "Sababu ya kubadili jina" kilikuwa na nafasi ya mistari miwili tu, na mimi nilikuwa na sababu ya kujaza daftari. Karani, dada aitwaye Mukami, alinisubiri akigongagonga kalamu mezani. Nikaanza kucheka peke yangu.

Nilizaliwa Kiambere nikaitwa Gichovi kama babu, maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume humrudisha baba wa baba yake. Ndiyo sababu nyanya yangu, Wanjira, aliniita "mume wangu" tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na nilipoanza kutembea akanigombeza kwa kuchelewa na kuni. Nilipofika darasa la nane, mwalimu mgeni aliandika Gichohi kwenye fomu ya mtihani. Wakikuyu ndivyo wanavyolitamka; penye H yao, sisi Wambeere tuna V. Sikumsahihisha. Nasema ukweli, nilifurahi, kwa kuwa V hiyo ilikuwa imenifanya nichekwe vya kutosha, eti lugha ya wala mtama wa ukame. Miaka ishirini nikawa Gichohi: kwenye kitambulisho, kwenye vyeti, hata kwenye kadi ya harusi yangu na Gladys, binti wa kutoka Muthara.

Mwaka juzi vijana wa nyumbani wakaamua kufufua sherehe ya Wambeere, yaani ngoma, vyakula na hadithi, vyote kwa lugha yetu. Wakaniomba niongoze kwa kuwa ni mwalimu. Kichwa kikavimba. Nikachapisha programu mia tatu za karatasi ya kung'aa, jina langu juu kwa wino mzito. Nyanya ndiye angefungua siku kwa kunionjesha asali, kisha ngoma zilie.

Alipoinuka na kibuyu chake, Gladys alimsomea programu, kwa kuwa Nyanya hajui kusoma. Akasikiliza, akaweka kibuyu chini, akashika maikrofoni kama mwiko.

"Huyo Gichohi ni wa nani?"

"Ni mimi, cucu."

"Wewe nakujua. Namuuliza huyo wa karatasi. Mimi niliolewa na Gichovi. Nimelima naye, nimezaa naye, nimemzika. Gichohi hajawahi kunioa!"

Uwanja ukaangua kicheko. Wapiga ngoma wakalalia ngoma zao. Gladys akajishika kiuno: "Woi! Kwani mimi niliolewa na nani?"

Nilicheka nao. Lakini kibuyu kilikuwa bado chini, na ngoma hazikulia. Nyanya hakuwa anatania tu. Alikuwa amefiwa na mume mara mbili, na mara ya pili mimi ndiye niliyemzika, kimyakimya, kwenye fomu ya mtihani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nikatoa kalamu. Nikakata H, nikaandika V, nikalisoma jina kwenye maikrofoni vile lilivyoitwa jikoni kwetu. Pasta akaniomba kalamu hiyo asahihishe karatasi yake. Mwingine akaiomba kwake, na mwingine, mpaka wino ukaisha, wakaanza kukopeshana kalamu za rangi ya midomo.

Nyanya akaokota kibuyu.

"Mume wangu," akasema, "ulikuwa umeenda wapi muda huo wote?"

Akanitia asali mdomoni, nyingi, ikanichuruzika hadi kwenye tai. Ngoma zikalia mpaka jua likashuka upande wa bwawa la Kiambere.

Mbele ya Mukami niliandika: Nyanya anamtaka mume wake.

Alisoma mara mbili. "Mwalimu, kweli nipeleke hii kwa mkubwa wangu?"

"Ipeleke hivyohivyo. Hakuna sababu nyingine."

Akacheka, akavuta fomu, kalamu ikasimama kwenye herufi ya sita.

"Hii ni V, sivyo?" akauliza kwa Kimbeere. "Kama ya kwetu Mavuria?"