Siku ya Maziko Nilibaki Nyumbani

Wezi wa huku kwetu Kyela hawapendi usiku. Usiku kuna mbwa, kuna wazee wasiolala, kuna vijana wanaorudi kutazama mpira. Wezi wanakuja mchana kweupe, siku ya maziko, kijiji kizima kikiwa makaburini. Kwetu hakuna anayekosa maziko. Mwenye homa anasindikizwa, mwenye mtoto mchanga anakaa pembeni kajifunika khanga. Asiyezika wenzake na yeye hatazikwa. Neno hilo tumelikuta na tutaliacha. Gari la matangazo linapita na spika zake, linataja marehemu na saa ya kuaga mwili. Mwizi naye ana masikio.

Mimi waliniibia siku tuliyokwenda kumzika mama mmoja wa Katumba Songwe. Niliacha kakao yangu kwenye chanja, imebakiza jua kidogo tu. Punje zilikuwa zimeshageuka rangi ya tofali, ukiibana moja vidoleni inalia. Niliporudi chanja lilikuwa tupu, na mkeka wenyewe wameondoka nao. Walichukua sola, walichukua sufuria kubwa yenye mfuniko, wakachukua na kuku aliyekuwa analalia. Mayai waliyaacha. Niliyashika, yalikuwa bado na joto.

Mwanangu Lugano, anayeuza spea za magari Mbeya, alifika kesho yake. Hata chai hakumaliza.

"Juba," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kinyakyusa, "mambo ni mawili. Ama unahamia kwangu Mbeya, shamba tunakodisha, ama nakununulia bunduki. Hapa peke yako hivi hivi sikuachi."

"Mbeya kuna nini?"

"Kuna geti. Kuna mlinzi."

"Kuna na baridi. Twende nikaione hiyo bunduki."

Alidhani namtania. Lakini bunduki si kitu kigeni kwangu. Marehemu baba yake alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe na ngedere shambani, na mimi ndiye niliyekuwa nalipaka mafuta masika ili lisile kutu. Na kuhama sikutaka hata kusikia. Ile migomba niliipanda mwenyewe, kakao niliichimbia mashimo nikiwa na mimba ya huyu huyu Lugano, na baba yake amelala nyuma ya nyumba. Nikikodisha, nani atamfagilia kaburi?

Tukapanda basi la Mbeya. Muuza silaha alikuwa mwanajeshi mstaafu, wanamwita Afande Nsajigwa, mtu wa kwetu wa Rungwe, mpole, ana miwani ya kamba. Hakunicheka. Akanitolea bunduki ya mtutu mmoja, nikaiweka begani kama ninavyopima mpini wa jembe.

"Hii itakurusha, mama."

"Hata jembe jipya linarusha. Nyingine?"

Akatoa ya mitutu miwili, yenye kitako cha mbao nzuri iliyopigwa vanishi. Akatoa na bastola, ndogo, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, kama mtoto aliyelala. Akaeleza taratibu: serikali ya kijiji wanijadili kwanza, kisha polisi, kisha nifundishwe kulenga. Na silaha inakaa ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, ufunguo ninao mimi peke yangu.

"Na nikienda kuzika?"

"Inabaki kwenye sefu. Huwezi kwenda nayo msibani."

"Mwizi wangu anakuja nikiwa msibani."

Afande akavua miwani. "Basi atakuwa na mchana mzima wa kung'oa sefu. Mama, nisikudanganye, kitu cha kwanza atakachoiba ni hiyo bunduki."

"Mbwa je?" Lugano akadakia.

"Mbwa ninaye," nikasema. "Walimtupia utumbo, akala, akawasindikiza."

"Ukuta?"

"Ukuta utamficha, aibe kwa raha zake, wapita njia wasimwone."

Afande akacheka, akairudisha ile ya mitutu miwili kabatini. "Mama, vitu vyote hivi vinamsaidia mtu aliyepo. Kwako siku hiyo mtu hayupo."

"Mtu ninaye," nikamwambia. "Ni mimi. Siku ya maziko nitabaki nyumbani."

Lugano alisimama kama amepigwa na umeme. "Juba, watakutenga!"

"Kwani kuhamia Mbeya ni kitu gani? Si ni kutengwa tu, ila kwa basi?"

Nikamwomba kitu kimoja, rimu ya lori kutoka kwenye spea zake, kama zile wanazoning'iniza makanisani badala ya kengele. Akaipakia huku anatikisa kichwa. Tuliifunga kwa mnyororo kwenye mti wa mparachichi uliopo uani, na nyundo nikaiegemeza chini yake. Nikaijaribu mara moja, kunguru wakaruka hadi mabondeni kwenye mpunga.

Sikutaka kujificha. Nilikwenda mwenyewe kwa Anyelwisye, mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza kwamba kila nyumba iache mtu mmoja siku za maziko. Alikuwa anakata kucha kwa wembe. Hakuinua uso.

"Gwe mama, umri huu unataka kuitwa mchawi? Anayebaki nyumbani wenzake wakizika ni mchawi au ni mwizi."

"Ndiyo maana nataka kubaki, mwenyekiti. Tuone nani mwingine hakwenda."

"Labda umzike mumeo upya, ndiyo akili ikurudie."

"Mume wangu alizikwa vizuri. Wakati tunamzika, baiskeli yake iliondoka. Hukumbuki?"

Alikumbuka, akarudi kwenye kucha zake. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wote walinipa kiti, wakanipa ndizi, wakakataa. Aliyekubali ni Marita peke yake, mtu wa kabila la Wakisi kutoka Ikombe kule ziwani, aliyeolewa huku, mjane kama mimi, anayefinyanga vyungu vya kuuza sokoni.

"Mimi wananiita mtu wa kuja tangu nilipoolewa," akasema. "Wataniongezea nini?"

Nilikuwa naomba Mungu afe mtu nisiyemjua sana. Akafa mzee Eliud, aliyemfundisha mume wangu kupogoa kakao, mume wa Beatrice, rafiki yangu wa kwaya. Nililala matanga. Nilipika, nililia, niliosha masufuria. Asubuhi niliaga mwili, nikamshika Beatrice mkono nikamnong'oneza, "Sitafika kaburini." Jeneza lilipoinuliwa, nilijifunga khanga kiunoni nikarudi kwangu mbele ya watu wote. Macho yao niliyasikia mgongoni kama upupu.

Tukakaa uani mimi na Marita, tunapasua maganda ya kakao. Nyimbo za kwaya zilikuwa zinatufikia kutoka makaburini. Marita alikuwa ananisimulia jinsi chungu kinavyolia kikiwa na ufa, mara bodaboda ikaingia uani bila kupiga honi. Vijana wawili. Yule dereva nilimtambua, ndiye aliyekuwa amebeba wapishi asubuhi kuwapeleka msibani. Yule wa nyuma alikuwa amekalia magunia matupu.

Walipotuona walikwama.

"Shikamoo bibi," dereva akasema. "Hamkwenda kuzika?"

"Marahaba. Tumebaki. Na ninyi mbona hamkwenda?"

Siku nyingine yoyote kijana ana majibu mia: napita, namtafuta fulani, naomba maji. Siku ya maziko hana hata moja.

"Tumekuja... tumetumwa sufuria."

"Na nani?"

"Na wapishi."

"Wapishi wa wapi, mwanangu? Sufuria zote za kijiji nimeziosha mimi leo."

Yule wa nyuma akashuka. "Bibi, maneno ya nini? Kaa hapo hapo, hatukugusi. Tunachukua kakao tunaondoka. Utafanya nini?"

"Nitasimama," nikasema, nikasimama na panga langu la kupasulia maganda. Nikawatukana kwa Kinyakyusa, wao na waliowafundisha kutembea, na wakati wananitazama mdomo, Marita alizunguka kama anakwenda chooni, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akautumbukiza ndani ya blauzi.

"Haya," akasema, "anayeuhitaji aje aufuate."

Dereva akamrukia. Mimi nikaiendea rimu.

Niliipiga. Niliipiga mpaka mikono ikafa ganzi, na kule makaburini kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Baadaye niliambiwa mchungaji alikuwa ameshika udongo mkononi. Wanaume walikuja wakikimbia na makoleo na majembe ya kaburi, suti zimejaa matope. Wale vijana walishaingia kwenye mpunga, lakini pikipiki ilibaki, ufunguo bado uko kwa Marita, na pikipiki ina mwenyewe. Polisi waliwapata wote wawili kabla ya jua kuchwa.

Siku ya kuondoa matanga niliitwa uani kwa marehemu. Lugano alikuwa amefika, amekaa mkekani na wanaume. Anyelwisye akasimama.

"Mwizi amekamatwa, sawa. Lakini kaburi la mzee Eliud liliachwa wazi, akabaki na mchungaji na wanawake. Jambo hilo halijawahi kutokea hapa. Mama Lugano apige magoti, aombe radhi, na aahidi hatarudia."

Nikapiga magoti, ila mbele ya Beatrice. "Dada, nilikukatizia maziko ya mume wako. Nisamehe."

Beatrice aliviringisha pindo la khanga. "Imeniuma," akasema. "Bado inaniuma. Lakini kumkataza asikae kwake, hilo mwenyekiti usilitie mdomoni mwangu."

"Ahadi bado!" Anyelwisye akapaza sauti.

Nikainuka, nikakung'uta magoti. "Ahadi hampati. Akifa mwingine nitalia naye, nitapika, nitaaga, na nitabaki."

"Na siku yako ikifika, nani atakuzika?"

"Msinizike! Mniache pale pale kwenye chanja. Tuone nani atachoka mapema, mimi kulala au ninyi kuziba pua."

Kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa. Anyelwisye akamgeukia Lugano. "Wewe ni msomi. Mchukue mama yako Mbeya."

Mwanangu alinitazama, kisha akatazama chini. "Nilikuja kumchukua," akasema. "Sasa sidhani kama pana mtu mwenye nguvu za kumpakia kwenye basi. Mama anabaki kwake."

Tuliondoka bila mtu kutuambia ndaga, yaani asante. Wiki kadhaa hakuna aliyenisalimia njiani ila Beatrice, naye kwa kichwa tu. Mimi nikaendelea kupalilia.

Kisha gari la matangazo likapita tena, na asubuhi ya maziko mimi na Marita tukatoa vigoda vyetu uani. Wa kwanza kuingia alikuwa Anyelwisye, kavaa koti lake la msibani, anakokota baiskeli iliyoelemewa. Akashusha magunia mawili ya kakao kavu kwenye kibaraza changu. Hakunisalimia, wala mimi sikumwambia karibu. Nilimwonyesha tu kwa kidole pa kuyapanga, mbali na ukuta, yasishike unyevu.