Kipimo cha Onni Rautio

Jumamosi moja ya Septemba, Helmi Rautio alikuwa jikoni kwake akipunguza suruali ya mumewe. Alikunja pindo, akalishikiza kwa pini, akakata kitambaa kilichozidi na kuanza kushona. Nje, mumewe Onni alikuwa anakata kuni za kuuza. Msumeno wa mashine ulinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena. Suruali hiyohiyo Helmi alikuwa ameipunguza wakati wa Pasaka, na tena katikati ya kiangazi.

Onni alikuwa anafupika. Zamani aliingia sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, kwa kuinama mlangoni; siku hizi alipanda kigoda ndipo afikie kikombe cha kahawa kabatini. Daktari wa mjini alimpima, akasema wanaume wakishapita miaka sitini hupungua, akampa dawa ya kikohozi. Kanisani watu walimpisha akae mbele.

Jioni hiyo, kabla ya kuwasha moto, Helmi alitia kipande cha kuni ndani ya jiko, akaona kinapwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Akakitoa, akachukua futi yake ya cherehani. Kibao cha Onni pale barabarani kilisema kuni zake ni za inchi kumi na sita. Kipande hiki kilikuwa na kumi na tatu.

"Onni, hii nini?"

"Kuni."

"Inchi kumi na tatu?"

"Mti ukikauka unasinyaa, mke wangu."

"Unasinyaa unene. Usinifanye mtu wa mjini mimi."

Onni akavuta kiti, akapanda, akamweleza bila kuona haya. Mteja hulitazama rundo la kuni kwa mbele. Huona kimo, huona upana, anaridhika. Hakuna anayezunguka kando kupima kina. Miaka kadhaa nyuma Onni aliipunguza fimbo yake ya kupimia, unene wa ukucha tu, na hakuna aliyesema neno. Mwaka uliofuata akaipunguza tena. Magogo yalikuwa yaleyale, marundo yakaongezeka.

"Na wewe ulianza lini kupungua?"

Onni alifikiri. "Mwaka huohuo."

"Basi unajipunja mwenyewe, mzee."

"Mbona siumwi popote?"

Onni alilipima jambo hilo usiku kucha. Siku hizi alishiba kwa viazi viwili, na shati moja la zamani lilimtosha Helmi kumshonea mashati mawili. Asubuhi alisema haoni hasara, akatoka kwenda kukata.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Onni alikuwa anamfikia Helmi magotini, na msumeno ulikuwa umemzidi urefu. Alipouwasha ulimburuta hadi kwenye uzio. Helmi akamwokota, akamkung'uta theluji, kisha akavaa buti, glovu na miwani ya kukinga macho, akauchukua msumeno yeye.

Alilaza futi juu ya gogo la mwaloni, akachora mstari wa chaki kila inchi kumi na sita. Alikata mistari yote mpaka karibu na chini, akaligeuza gogo, akamalizia upande wa pili ili mnyororo usiguse mawe. Vipande vilianguka vikiwa sawasawa kama mikate ya duka moja.

Onni akaanza kurefuka. Alifika kiunoni, akafika kifuani. Helmi akafumua pindo za suruali. Alasiri moja Onni alisimama nyuma yake jikoni, kidevu chake kikagusa bega lake. Enzi zao za uchumba, kidevu hicho kilikuwa kinakaa utosini kwake.

"Umekaribia," Helmi alimwambia, akazima redio asikie anavyopumua.

Kesho yake pikapu ya Aune Pelkola, jirani yao mjane, ilisimama uani. Aune alishuka na kipande cha kuni mkononi. Nyuma yake zikasimama pikapu nyingine.

"Helmi! Kuni gani hizi?"

"Inchi kumi na sita, kama kibao kinavyosema."

"Kwani mimi nachoma kibao? Mlango wa jiko haufungi! Jana nimekaa na moshi mpaka paka amehama."

Ikabainika kwamba kila mtu alikuwa amenunua jiko dogo. Kuni za Onni zilipokuwa zinapwaya, watu walidhani majiko yao ndiyo makubwa mno, na duka la mjini sasa liliuza madogo tu.

"Lakini Aune, kila Machi kuni zinakuishia, na theluji bado imefika dirishani."

"Machi kila mtu kuni zinamwishia. Ndiyo Machi hiyo!"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja aliongeza kwamba Onni ni muungwana, hajawahi kumtwisha mtu asichoomba.

Helmi akageuka kumtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Unasemaje?"

"Ndio wateja wetu hao, mke wangu," Onni alisema, akainama na kuanza kukunja miguu ya suruali yake.

Helmi alikata inchi kumi na tatu majira yote ya baridi. Macho yalipomtoka machozi nyuma ya miwani, watu walisema ni vumbi la mbao. Onni alishuka kiunoni, akapita magotini, na alipofika inchi kumi na tatu kamili akakoma. Tangu hapo hawakuhitaji futi. Onni alijilaza juu ya gogo, mikono ubavuni, Helmi akachora chaki utosini pake; kisha Onni aliinuka, akaweka visigino kwenye mstari, akalala tena. Msumeno ulipowashwa alikwenda kukaa ndani ya sanduku la zana. Wateja walikuja kumtazama akipima, nao walisema ni vigumu kumdhania vibaya mtu anayekulazia mwili wake juu ya bidhaa.

Machi ilipofika, moshi ulikoma kwanza nyumbani kwa Aune. Alikuja na koti lake na blanketi, akakaa jikoni kwa Helmi. Onni alikuwa mezani, ameegemea mkebe wa sukari, anakula biskuti kwa mikono miwili.

"Baridi ya mwaka huu ndefu," Aune alisema.

"Ndefu mno," Onni alimjibu.

Helmi alisogeza kiti cha jirani yake karibu na moto, akatia kipande cha kuni ndani ya jiko, kisha akatia cha pili, kwa kuwa kimoja hakikutosha.