Sauti ya Veshto

Miaka mia tisa Ismera alikaa katika Nchi ya Wasiokufa bila kumsemesha shemeji yake, Toruvel, ingawa bonde moja tu lilitenganisha nyumba zao.

Kisa chao kila mtu alikijua. Wakati wa vita katika nchi za wanaokufa, Toruvel alikata kamba za daraja ili adui asivuke. Watu mia tatu wakaokoka. Veshto, mdogo wake wa tumbo moja na mume wa Ismera, alikuwa bado ng'ambo, amebeba majeruhi mgongoni. Na kule kwa wanaokufa, mkuki humuua hata asiyekufa.

Waliorudi walimwambia Ismera kwamba muda ungemponya. Yeye hakutaka kupona. Kila alfajiri alilikumbuka lile daraja, kama mtu anayetonesha kidonda makusudi, na uchungu ukamjia mbichi vilevile, karne baada ya karne.

Kisha masika moja, akikanda unga, akagundua kwamba tangu juzi hakuwa amemkumbuka Veshto hata mara moja. Akaketi, mikono imejaa unga. Sura yake aliiona. Sauti haikuja. Alijaribu salamu zake, utani wake, jinsi alivyomwita. Yote yakamjia kwa sauti yake yeye mwenyewe. Hofu ikamshika kuliko siku ile alipoletewa habari za msiba.

Akashuka bondeni, akapanda kwa Toruvel. Alimkuta akikata masega ya asali. Toruvel alipomwona aliweka kisu chini.

"Sikuja kukusamehe," Ismera alisema.

"Najua, shemeji."

"Nimesahau sauti yake. Aliyebaki wa kuikumbuka ni wewe."

Toruvel alifuta asali mikononi. Akaeleza kwamba sauti ya Veshto ilikuwa ya kukwaruza tangu alipougua homa utotoni, na kwamba alikuwa na kigugumizi, hasa akiwa na hofu. Kabla ya kwenda kumposa Ismera alishinda zizini akijifunza kulitamka jina lake.

"Mbuzi walilizoea kabla yako," alisema.

Ismera akacheka bila kutaka. Kigugumizi! Hata hicho alikuwa amekisahau. Ndipo akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: siku ile, Veshto alisema nini?

"Aliniita nimngoje. Nilimsikia, shemeji. Nikakata."

"Niitie kama alivyoita."

Toruvel alitikisa kichwa. Ismera hakuondoka. Mwishowe shemeji yake akafumba macho, na koo lake likatoa sauti nyingine, ya kukwaruza, changa: "To... To... Toru, ngoja. Ngoja nakuja."

Alikuwa ni yeye. Ismera aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, akalia kama mjane wa jana. Toruvel naye alilia, lakini hakuthubutu kumsogelea.

Jua lilipohama ukutani, Ismera alijifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Sasa anzia mbali," akasema. "Mlipokuwa watoto."